Muheha wa Mgeni

Saa kumi, jua likianza kulegea juu ya ziwa, Wema aliinama kwenye mtungi, akachomeka muheha wake, akavuta, akameza, akatulia kidogo, halafu akasema, "Iko muzuri." Hapo ndipo watu wakachomeka ya kwao. Ilikuwa vile kila siku, na si kwake tu. Pwani hii yote, kutoka Rumonge mpaka Minago, mwenye pombe ndiye anaonja kwanza, ili wageni waone hakuna sumu. Asipoonja, hakuna anayekunywa, hata koo likauke namna gani.

Muheha ni mrija tu, mrefu, na kule chini umesukiwa kichujio kidogo ili makapi ya mtama yasikupande mdomoni. Kila mteja wa Wema alikuwa na wake, umechomekwa kwenye nyasi za paa karibu na mlango. Wa Amuri, mume wa Wema, ulifungwa uzi wa wavu. Wa Radjabu, ambaye kazi yake ilikuwa kukamua mawese, ulikuwa mwekundu wenyewe bila kupakwa rangi, kwa sababu ya vidole vyake. Wa Uledi, mdogo wake Amuri, ulikuwa na alama ya meno, maana Uledi alikuwa anatafuna huku anakunywa.

Nyumba za pombe zilikuwa nyingi, usifikiri ilikuwa yake tu. Lakini impeke ya Wema, ile pombe ya mtama, ilikuwa inakaa tumboni kama chakula, na chakula chenyewe kilikuwa ndagala, dagaa wa ziwani. Alikuwa anazikaanga kwenye mawese ya moto sana, vichwa vikauke vivunjike kwa ulimi, pilipili mbichi pembeni, bugali wa muhogo, na sombe ya majani ya muhogo siku akijisikia. Wavuvi wa Gitaza walikuwa wanakula kwao, wanashiba, halafu wanapiga makasia mpaka Rumonge kula tena. Hata Hadji, aliyekuwa akiongoza swala, alikuwa anakuja. Aliupa mtungi mgongo, akala samaki wake, akasema, "Mimi sijui nyinyi munakunywa nini. Sina macho nyuma."

Sheria za mtungi ule hazikuwa nyingi. Mtu akifa, watu wake wanavunja muheha wake siku ya matanga. Mtu akiwa mzima, hakuna mkono mwingine unaochomoa muheha wake mtungini, maana ni kumuombea kifo. Na mgeni akiwa amekaa, hakuna anayeinuka mpaka yeye mgeni achomoe wa kwake. Watoto wa Rumonge walikuwa wanayajua haya kabla ya kujua kuogelea.

Mwaka ule Wadagi, wale Wajerumani wa boma, walikuwa wamesema malale yanaletwa na mbung'o wa pwani. Daktari wao alikuwa anakuja kwa mashua na askari, anapapasa watu shingo, na yeyote aliyekutwa na tezi nyuma ya shingo alipakiwa kwenda kambi ya wagonjwa upande wa kaskazini, achomwe sindano. Amuri na Uledi walichukuliwa pamoja, wamelowa, wavu bado mikononi, na wengine wa mtaa wao. Baada ya hapo watu walijanjaruka. Mashua ikionekana tu, wote wanaingia kwenye michikichi, na daktari anakuta kuku na moto unaowaka. Alikuwa anapapasa wazee wasioweza kukimbia, anaondoka.

Wema aliiangalia miheha ya wale waliochukuliwa, imekaa kule kwenye paa, akaona haipendezi. Ilikuwa kama ya wafu. Kwa hiyo aliichukua, akaichomeka kwenye mtungi pamoja na ya wengine, ikae tu. Akaonja, akasema iko muzuri, watu wakanywa, na jua halijagusa milima ya ng'ambo mtungi ukawa mtupu.

Radjabu alichungulia ndani, akasema kwamba shemeji amebadilisha mtungi, ameanza ujanja wa sokoni. Wema akamwambia mtungi ni uleule. Kesho yake wakakaa wanaangalia. Wema alipomaliza kuonja, muheha wenye uzi wa wavu ulianza kutikisika polepole, ncha yake ya juu ikalowa, na pombe ikashuka bila mdomo wa mtu. Halafu wa Uledi ukaanza, haraka haraka na kupumzika, haraka haraka na kupumzika, vile alivyokuwa anafanya. Kwenye ncha kukawa na alama mpya za meno.

"Aa, ni Amuri na mudogo wake," Radjabu alisema. "Sasa tutakunywa nini, sisi tulioko?"

Wema alianza kupika mtungi mkubwa zaidi. Mambo yaliishia hapo. Watu walikuwa wanafika, wanawasalimia waliopo, amahoro, amahoro, halafu wanaisalimia miheha, wanakaa. Kitu kimoja kilichowafurahisha ni kwamba wale wa kambini walikuwa bado wanangoja Wema aonje. Akichelewa na samaki jikoni, miheha inatulia kimya. Hata huko waliko, watu walisema, adabu hawajaacha.

Batuli, mke wa Uledi, ndiye aliyekuwa anamsaidia Wema kuanika mtama na kuusaga. Saa kumi ikifika alikuwa anakaa karibu na muheha wa mume wake, kidole kimoja juu yake, kama mtu anayemshika mgonjwa mkono. Ndiye alikuwa wa kwanza kujua. Ule muheha ulianza kupumzika kuliko kuvuta. Halafu ukawa unaruka siku. Halafu siku moja Wema alionja, akasema iko muzuri, wengine wakavuta, na kidole cha Batuli hakikusikia kitu. Alikaa nao mpaka wageni wakaondoka. Alikaa nao kesho yake na siku iliyofuata.

Akasema anataka kuuvunja na kukaa matanga. Hadji alikuwa tayari kusoma. Lakini jumbe Abasi, ambaye Wadagi walimpa kofia na jukumu la mtaa, alikuja na kofia yake, akakunywa kwanza, maana na yeye alikuwa mteja, ndipo akasema.

"Daktari amesema kambini hajafa mutu hata mumoja. Ukilia, Batuli, unasema daktari ni muongo. Na kiboko kitakuwa cha mugongo wangu, si wako."

"Na muheha, Jumbe? Umeuona."

"Nimeuona. Wewe unataka niende boma niseme muheha umeacha kunywa?"

Basi, ule muheha ulibaki kwenye mtungi, haunywi. Batuli alibaki hana mume na si mjane. Watu hawakujua wamsalimie vipi, wengine wakaacha kumsalimia.

Kisha wa Amuri na wenyewe ukaanza kupumzika.

Wema hakumwambia mtu. Lakini mkikunywa mtungi mmoja miaka mingi, mwenzako akivuta unaisikia, pombe inacheza kidogo kwenye muheha wako. Alikuwa anaisikia ile kucheza inapungua. Alihesabu hivi kichwani: Amuri akirudi nyumbani sasa, na supu, na uji, atapona. Akiachwa kule, atafuata njia ya mdogo wake. Na aliyeweza kumrudisha ni mmoja tu. Akamwambia jumbe amualike daktari aje kula.

Radjabu alifikiri ni utani. "Shemeji, ule mutu sisi tukimuona tunakimbia kama panya. Wewe unamupikia?"

"Hajawahi kupikiwa huku," Wema alisema. "Anakuja, anakuta nyumba tupu, anaondoka. Mutu aliyekula kwako hawezi kukufanyia mubaya. Aje, akae, aone na macho yake muheha wa Amuri. Akiona atamuachia."

Na watu, ajabu yake, walikubali. Hakuna aliyemwambia unakosea. Wote walifikiri vilevile, kwamba mgeni akishalishwa anakuwa wako. Radjabu mwenyewe ndiye aliyeleta mawese mapya.

Daktari alifika akiwa na jasho, miwani yake ina ukungu, nyuma yake msaidizi na askari wawili. Hakukimbia mtu. Nyumba ilijaa, mpaka wanawake waliokuwa hawajaonekana pwani tangu mbung'o waanze kutajwa walikuwa pale, wameoga, wamefunga vitambaa vizuri. Wema alimpa ndagala na bugali. Alikula kwa mkono, akaongezewa, akasema tangu atoke kwao hajala samaki watamu hivi, na alisema kweli, uso wake ulionyesha. Wema alimpa muheha mpya kabisa ambao haujaingia mdomo wa mtu. Akaonja mbele yake. "Iko muzuri." Daktari akachomeka, akavuta, akatikisa kichwa kwamba amependa. Watu wote wakachomeka.

Muheha wa Amuri ulivuta kidogo, ukapumzika, ukavuta tena. Wema alimuonyesha. Alimueleza polepole, kwamba huyu ni mume wake, yuko kambini, anakunywa kutoka kule, na sasa nguvu zinamuisha, na huyu mwingine ambaye hatikisiki ni Uledi, amekufa, mke wake huyu hapa anaomba ruhusa amlilie. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza. Alikuwa mtu wa taratibu. Halafu aliinama, akapitisha kiganja chini ya mtungi, akakiangalia kile kiganja.

"Mtungi wako unavuja, mama," alisema, kwa Kiswahili chake kilichonyooka cha pwani ya mbali.

"Hauvuji, Bwana Daktari."

"Unavuja. Ndiyo maana pombe inashuka. Na kambini hajafa mtu."

Akasema neno moja kwa lugha yao, na askari wakasimama mlangoni, na msaidizi akaanza kupita nyuma ya watu, mmoja mmoja, anapapasa shingo.

Hakuna aliyeinuka. Radjabu aliuangalia mlango, akaangalia ukuta wa matete ambao angeupasua kwa bega moja, halafu akaangalia muheha wa daktari. Ulikuwa bado ndani ya mtungi, umeegemea upande. Mgeni hakuwa ameuchomoa. Kwa hiyo Radjabu alikaa. Wote walikaa, miheha midomoni, wanainamisha vichwa ili msaidizi afike vizuri. Mwanamke mmoja alifungua kitambaa mwenyewe. Kilichosikika ni kuvuta tu, ile sauti ndogo ya watu wanakunywa. Daktari alimpapasa Wema mwenyewe, wa mwisho, kwa heshima ya mwenye nyumba. Vidole vyake vilinuka samaki wa Wema. Vikasimama nyuma ya sikio, vikabonyeza, vikarudi tena palepale.

Hakuwahi kupata watu wengi vile kwa siku moja. Alimshukuru Wema kwa chakula, akatoka, na muheha wake akauacha kwenye mtungi.

Wakati wanapakiwa, Batuli, ambaye shingo yake ilikutwa nzuri, alitembea na Wema mpaka majini. Wema alimuagiza mambo ya mtama. Usiuharakishe kuanika. Mawese yawe ya moto kwanza, ndipo samaki. Muheha wangu uache ndani.

"Na wa daktari, dada? Niuchomoe?"

"Mutu muzima hachomolewi muheha. Ni kumuombea kifo."

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

Wema alifikiri kweli, akiwa na mguu mmoja ndani ya mashua. "Uache," alisema. "Alikula kwangu."

Kambi ilikuwa vibanda vya matete na uzio, na ukuta mmoja mrefu wa udongo ambapo wagonjwa walikuwa wanakaa mchana. Amuri alikuwa kwenye ukuta, uso kwa ziwa. Macho yake yalikuwa wazi, meupe kama ya samaki aliyeiva. Sindano ndiyo iliyompofusha, wengi pale walikuwa vile. Wema aliposogea, Amuri alinusa.

"Mawese," alisema. "Umechelewa."

"Nilikuwa na wageni."

Alikaa pembeni yake. Upande wa pili kulikuwa na nafasi tupu ya mtu mmoja, na hakuna aliyekuwa anaikalia. Nyuma ya uzio kulikuwa na matuta ya udongo, marefu, yamepangwa vizuri. Wema aliuliza ni ya nini, na msaidizi akamwambia ni ya viazi. Hayakuwa na jani hata moja.

Saa kumi watu wa Rumonge walijipanga kwenye ukuta bila kuitana. Radjabu alikaa, wale wanawake wenye vitambaa wakakaa. Wakafungua midomo kidogo, wakangoja. Wema na yeye alifungua wake, na pombe ikaja kwenye ulimi wake, ya baridi, na kapi moja, maana Batuli hakuwa fundi wa kichujio. Aliimeza, akatulia.

"Ameharakisha mutama," alisema. "Iko chachu kidogo. Lakini iko muzuri."

Ukuta wote ukakunywa. Amuri alivuta polepole, akapumzika, akavuta tena, na Wema aliisikia ile pombe inacheza, karibu sana safari hii, kwenye bega lake.

Saa hiyohiyo, kwenye nyumba yake yenye baraza, daktari alikuwa anajisikia vibaya. Mpishi wake ndiye aliyesimulia. Bwana alikuwa anakunywa maji yaliyochemshwa tu, lakini kila jioni uso unakuwa mwekundu, anaegemea meza, anajifuta mdomo, na chumba kinanuka mtama. Alifikiri ni jua. Kule Rumonge Batuli alikuwa anaona muheha wa daktari unavyovuta. Haukupumzika. Ulikuwa unashusha mtungi kuliko wote, na ulikuwa na adabu, haukuanza kamwe kabla ya Wema kuonja.

Amuri alikufa asubuhi moja ya mvua, ameegemea palepale. Walimpeleka nyuma ya uzio. Jioni Wema alikaa mahali pake, akaonja, akasema iko muzuri, wenzake wakakunywa, na kwenye muheha wake pombe ilikaa imetulia upande mmoja. Alisema tena, iko muzuri, kwa sauti zaidi, pengine kuna asiyesikia. Kule Rumonge Batuli aliuona uzi wa wavu hautikisiki, akaenda kwa jumbe Abasi, na jumbe hakumruhusu kumaliza kusema. Kambini hajafa mtu.

Baadaye macho ya Wema na yenyewe yaliisha. Kwanza ziwa likawa jeupe, halafu mkono wake. Radjabu alimtania kwamba sasa hataweza kujua nani anaongeza samaki bila ruhusa, na huo ukawa mmoja wa utani wake wa mwisho. Nafasi kwenye ukuta ziliongezeka. Kila jioni Wema alionja, akangoja, akasikia ni wangapi wanavuta, na hakuuliza majina. Matuta yalifika mpaka kwenye maji.

Yeye hakufa. Bwana mkubwa mmoja wa boma alipokuja kutembelea kambi, daktari alimleta Wema mbele, akamgeuza shingo, akamuonyesha kwamba dawa inafanya kazi. Bwana mkubwa akauliza mama anakula nini. Wema alisema hali sana. Akasema anaonja tu.

Rumonge, nyumba ile ilibaki ile inayopendwa. Batuli alikuwa amejifunza moto wa mawese, na harufu ya ndagala ilikuwa inafika majini kama zamani, na watu wa Gitaza walikuwa bado wanapiga makasia. Shida ilikuwa mtungi. Mdomo wake ulikuwa umejaa miheha ambayo hainywi na ambayo hairuhusiwi kuvunjwa, imebanana hivi kwamba huwezi kupenyeza hata mmoja zaidi. Batuli alitafuta mtungi mwingine. Watu waliukataa. Walisema hawawezi kuhama wakati wenzao wamekaa. Kwa hiyo walikuwa wanafika, wanaisalimia miheha yote, wanakula samaki, wanakaa na koo kavu. Hadji alikuwa amegeuka, sasa anakaa anaangalia mtungi kama wengine, maana hakukuwa tena na kitu cha kutoona.

Daktari alimaliza muda wake akarudi kwao Udagi. Akaja daktari mwingine, mwenye mashua ileile. Batuli alidhani ule muheha mpya, ambao sasa ulikuwa si mpya, utaacha. Haukuacha. Bahari haikuuzuia.

Na ni vile mpaka leo hii ya hadithi. Saa kumi, Batuli anaweka sahani za ndagala, watu wananyamaza, na pombe inashuka kidogo sana, funda moja la mtu anayeonja. Inatulia. Wote pale wanajua kwamba mbali kule, kwenye ukuta usio na mtu mwingine, Wema amesema iko muzuri. Halafu muheha wa mgeni unaanza kuvuta, mrefu, bila kupumzika, mpaka mtungi unaisha. Batuli anasimama juu yake, mkono umekaribia, kila siku umekaribia, na kila siku anaurudisha kwenye kitambaa chake. Mgeni hajachomoa. Watu wanaangalia ziwa linakuwa jeusi, na hakuna anayeinuka.